Mlaji Katika Siku za Wasiwasi: Somo Kutokana na Bei ya Kahawa ya 1977

Mkulima wa kahawa humfahamu karani wa mizani na hulifahamu ghala la chama chake. Mlaji aliye mwisho wa safari ya zao lake hamfahamu. Hata hivyo, uamuzi wa mlaji huyo hurudi hadi kwenye malipo ya mwanachama. Yafaa basi vyama vya msingi vielewe jinsi mawazo ya walaji yanavyogeuka wakati wa mashaka.

1. Uwezo na nia

Mwaka 1946 George Katona, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, alianza kuwauliza watu wa kawaida wanavyoiona hali yao na ya nchi yao kwa siku zijazo. Alifundisha kwamba ununuzi hutegemea mambo mawili: uwezo wa kulipa na nia ya kulipa. Mwenye fedha aiogopaye kesho huweza kufunga mkono wake.

Kipimo kilichotokana na kazi hiyo kiliendelea kutumika. Juni 2022, bei za vitu zikiwa zimepanda, kilishuka hadi 50, chini kuliko mwezi wowote uliotangulia. Lakini Wamarekani hawakuacha kununua. Kwa hiyo maneno ya mlaji yasikilizwe, na matendo yake yatazamwe pia.

2. Bei kubwa na hasira ya walaji

Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya jimbo la Paraná, Brazili. Kwa kuwa mkahawa mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, wafanyabiashara waliogopa upungufu. Bei ya New York, iliyokuwa chini ya dola moja kwa ratili, ilipita dola tatu Aprili 1977.

Wakulima wa Afrika Mashariki walishangilia. Huko Marekani, Elinor Guggenheimer, aliyesimamia maslahi ya walaji katika jiji la New York, aliwahimiza watu wapunguze kunywa kahawa. Wengi walipunguza, na baadhi wakageukia chai. Ununuzi ulipopungua na matumaini ya mavuno mapya yalipoonekana, bei ilianguka sana kabla mwaka 1977 haujaisha.

3. Mlaji asiyedanganyika

Mwaka huo huo Ujerumani Mashariki ilipungukiwa fedha za kigeni za kununulia kahawa. Serikali ilitoa mchanganyiko wenye kahawa asilimia 51. Sehemu iliyobaki ilikuwa shayiri, njegere na vitu vinginevyo. Wananchi waliukataa wakapeleka malalamiko kwa maelfu, hata ukaondolewa.

Mwaka 1980 nchi hiyo ilipatana na Vietnam kupanua kilimo cha kahawa huko. Ujerumani Mashariki yenyewe ilikoma mwaka 1990, lakini mashamba yalibaki. Baadaye Vietnam ikawa nchi ya pili duniani kwa wingi wa kahawa. Hivyo bei kubwa ya miaka michache ilisaidia kuzaa mshindani wa kudumu.

4. Mambo ya kuzingatia

(a) Bei kubwa isihesabiwe kuwa ya kudumu. Chama kinachokopa kwa kutegemea bei ya mwaka wa neema hujifunga kamba shingoni. Wakati wa neema ndio wa kujaza mfuko wa akiba.

(b) Ubora usilegezwe bei inapopanda. Mlaji aliyelipa ghali hukagua zaidi, naye akishakimbia si rahisi kumrudisha. Buni mbivu zichumwe zenyewe, na kahawa ikaushwe sawasawa.

(c) Wanachama waelezwe sababu za kupanda na kushuka kwa bei. Asiyeelezwa hudhani kwamba viongozi wake wamemla, na chama hubomoka kwa minong'ono kabla ya kubomoka kwa hasara.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Mlaji ni mgeni asiyeonekana; akiridhika, mwenyeji hupona.

Maswali ya majadiliano

1. Je, chama chenu kiliweka akiba kiasi gani katika msimu wa mwisho wa bei nzuri?
2. Mwanachama akiuliza kwa nini bei imeshuka, nani humjibu, na kwa maelezo gani?
3. Ni kasoro gani za zao lenu ambazo mnunuzi angeziona kwanza?