Maswali ya Kuchagua Jibu katika Kompyuta: Kutoka Kupima hadi Kufundisha

1. Utangulizi

Miongoni mwa aina zote za maswali yatumikayo shuleni, swali la kuchagua jibu sahihi ndilo lililozoeleka sana, na pengine ndilo lifikiriwalo kidogo. Nchini Kenya, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 uliegemea mno maswali ya namna hii. Watahiniwa wa darasa la saba nchini Tanzania nao wameyazoea. Kwa sababu hiyo walimu wengi huliona swali la kuchagua kuwa ni mizani tu, yaani chombo cha kumpimia mtoto baada ya kazi ya kufundisha kwisha.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo hilo, likitiwa katika programu ya kompyuta na kurekebishwa na mwalimu anayewajua wanafunzi wake, laweza kuwa chombo cha kufundishia. Tutaonyesha vilevile kwamba lisiporekebishwa laweza kumfundisha mtoto jambo lisilo kweli. Kwa mfano wetu tumechagua programu ya Moodle, iliyoanzishwa nchini Australia na Martin Dougiamas na ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2002. Programu hii haiuzwi, na yaweza kuwekwa katika kompyuta moja ya shule bila kutegemea intaneti. Hata hivyo, kanuni tutakazozieleza zafaa kwa programu yoyote ya aina yake.

2. Asili ya wazo hili

Wazo la mashine inayouliza na kusahihisha si geni. Katika miaka ya 1920, Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitengeneza mashine yenye kidirisha kinachoonyesha swali na vibonyezo vinne vya majibu. Mashine hiyo iliweza kupangwa ili swali lisisogee mpaka mwanafunzi abonyeze jibu sahihi. Hapo ndipo kupima kulipoanza kugeuka kuwa kufundisha.

Mwaka 1958 B. F. Skinner alilipinga wazo la kuchagua. Alisema kwamba mwanafunzi inampasa atunge jibu lake mwenyewe, na kwamba kumwekea mbele majibu ya uongo yanayofanana na kweli ni kumpotosha. Hoja hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2005 Henry Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha kwamba kufanya maswali ya kuchagua humsaidia mwanafunzi kukumbuka mengi zaidi baadaye, lakini pia baadhi ya majibu ya uongo aliyoyasoma humganda akilini, naye huyatoa siku nyingine kana kwamba ni kweli. Mwaka 2008 Andrew Butler na Roediger walionyesha dawa yake: mwanafunzi akielezwa jibu sahihi baada ya kujibu, faida huongezeka na madhara hupungua.

Basi fundisho la kwanza kwa mwalimu mwanafunzi ni hili: swali la kuchagua lisilofuatwa na maelezo ni mbegu iliyotupwa bila kujua itaota nini.

3. Kutunga majibu ya uongo

Swali la kuchagua lina sehemu tatu: shina, yaani lile linaloulizwa, jibu sahihi, na vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi. Kazi ngumu iko katika vipotoshi. Mwalimu mvivu huandika namba zozote zilizo karibu na jibu. Mwalimu makini huanza na madaftari ya wanafunzi, akatazama wamekosea vipi.

Tuchukue mfano wa kutoa 168 katika 403. Jibu sahihi ni 235. Mtoto anaweza kukosea kwa njia tatu tofauti:

(a) Anatoa tarakimu ndogo katika kubwa kila safu, bila kujali ipi iko juu. Kwa mamoja anapata 8 kutoa 3, yaani 5. Kwa makumi 6 kutoa 0, yaani 6. Kwa mamia 4 kutoa 1, yaani 3. Jibu lake ni 365.

(b) Anabadili mia moja kuwa makumi 10, kisha anapeleka kumi moja kwenye mamoja, lakini anasahau kwamba makumi yamebaki 9. Anatoa 6 katika 10 na kupata 4. Jibu lake ni 245.

(c) Anaandika 9 mahali pa sifuri kama alivyoona mwalimu akifanya, lakini hapunguzi mamia. Anatoa 1 katika 4 na kupata 3. Jibu lake ni 335.

Watoto hawa watatu wote wamekosa, lakini hawana ugonjwa mmoja. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton, wakichunguza makosa ya kutoa, walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto si ya ovyo: mtoto hufuata utaratibu wake kwa uaminifu, ila utaratibu wenyewe una kasoro. Kipotoshi kizuri ni kile kinachoiita kasoro hiyo kwa jina lake.

Je, vipotoshi viwe vingapi? Michael Rodriguez, aliyekusanya tafiti za miaka 80 na kutoa matokeo yake mwaka 2005, aliona kwamba kwa kawaida majibu matatu yanatosha, yaani moja sahihi na mawili ya uongo. Sisi twasema hivi: kama madaftari yanaonyesha makosa matatu ya kweli, weka matatu, kama yanaonyesha mawili, usibuni la tatu kwa ajili ya kujaza nafasi. Jibu lisilochaguliwa na mtu humpotezea msomaji wakati bure.

4. Kuandika maswali katika programu

Moodle ina benki ya maswali, ambamo mwalimu huweza kuandika swali moja moja kwa kujaza fomu. Njia nyepesi zaidi kwa mwenye maswali mengi ni kuyaandika yote katika faili la maandishi matupu, kisha kulipakia mara moja. Utaratibu mmoja unaokubaliwa huitwa GIFT. Swali letu litaandikwa hivi:

::Kutoa 1:: Toa 168 katika 403. Jibu ni lipi? {
=235 #Sawa. Ulibadili mia moja na ukakumbuka kuipunguza.
~365 #Katika mamoja umetoa 3 katika 8. Je, tulitakiwa kutoa nini katika nini?
~245 #Ulipeleka kumi moja kwenye mamoja. Makumi yalibaki mangapi?
~335 #Makumi 9 uliyoyatumia yametoka wapi? Tazama tena mamia.
}

Jina la swali huwekwa kati ya nukta pacha mbili mbili. Majibu hufungwa ndani ya mabano ya mawimbi. Alama ya sawasawa hutangulia jibu sahihi, kiwimbi hutangulia kipotoshi, na alama ya reli hutangulia maelezo atakayoyaona mwanafunzi akichagua jibu hilo. Baina ya swali na swali huachwa mstari mtupu. Kwa kuwa alama hizi zina kazi maalumu, mwalimu akitaka kuzitumia kama maandishi ya kawaida hana budi kutanguliza mkwaju wa nyuma.

Msomaji atazame maelezo tuliyoyaandika. Hayasemi tu kwamba umekosa, wala hayatoi jibu papo hapo; yanamrudisha mtoto mahali alipopotelea na kumwuliza. Maelezo ya namna hii ndiyo mwalimu mwenyewe angeyasema kama angeweza kuinama juu ya kila dawati katika darasa la watoto 60. Lakini jaribio la mwisho likikwisha, mtoto aonyeshwe jibu sahihi, asije akaondoka na lile la uongo.

5. Kurekebisha mwenendo wa zoezi

Maswali yakiisha kuwekwa, mwalimu huamua zoezi liende vipi. Maamuzi manne yanahitaji fikira.

Kwanza, wakati wa kutoa maelezo. Programu yaweza kungoja mpaka mwanafunzi amalize zoezi lote. Yaweza kumweleza mara tu ajibupo kila swali. Au yaweza kumpa dokezo na kumruhusu ajaribu tena huku akipunguziwa alama kidogo. Kwa mtihani njia ya kwanza yafaa. Kwa kujifunza, tumia ya pili au ya tatu.

Pili, mpangilio wa majibu. Programu iamriwe kuyachanganya, ili mtoto asikariri kwamba jibu la swali la tatu ni B, na wenzake wasinong'onezane herufi.

Tatu, idadi ya majaribio. Zoezi la kujifunzia lifunguliwe zaidi ya mara moja, na maswali yachotwe kwa bahati kutoka fungu lenye maswali mengi ya dhana ile ile. Vinginevyo mtoto atakumbuka namba 235 bila kujua kutoa.

Nne, uhakika wa mwanafunzi. Moodle ina utaratibu unaomtaka mwanafunzi aseme ana hakika kiasi gani na jibu lake. Mwenye hakika ndogo hupata alama 1 akipata, wala hapotezi kitu akikosa. Mwenye hakika ya kati hupata 2 au hupoteza 2. Mwenye hakika kubwa hupata 3, lakini akikosa hupoteza 6. Kwa watoto wa shule ya msingi tusingependa alama hizi ziandikwe katika rekodi zao. Hata hivyo, kumzoesha mtoto kujiuliza kama anajua au anadhani tu ni jambo la thamani kubwa.

6. Kusoma matokeo

Alama ya jumla hudanganya. Tuseme zoezi lina maswali 20, kila moja likiwa na majibu manne. Mtoto anayejua maswali 4 tu, akabahatisha 16 yaliyobaki, kwa wastani atapata 4 zaidi kwa bahati. Atapewa 8 kwa 20, yaani asilimia 40, na mwalimu ataandika kwamba anajikokota. Kweli ni kwamba anajua asilimia 20 tu, na mwaka ujao atawekewa kugawanya kwa njia ndefu juu ya msingi usiokuwapo.

Kwa hiyo tusome jibu kwa jibu. Taarifa ya takwimu ya Moodle huonyesha ni wanafunzi wangapi waliochagua kila jibu. Tuchukulie kwamba katika darasa la watoto 60, 35 walichagua 235, 18 walichagua 365, 5 walichagua 245 na 2 walichagua 335. Mwalimu anayetazama alama ataona kwamba zaidi ya nusu wamepata, na ataendelea na mada nyingine. Mwalimu anayetazama vipotoshi ataona watoto 18 ambao hawajaelewa kabisa thamani ya nafasi. Hawa hawahitaji maswali mengine ya kompyuta. Wanahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, wafungue fungu kwa mikono yao. Wale 5 na wale 2 wanahitaji kusahihisha hatua moja tu ya utaratibu, na dakika chache ubaoni zitatosha.

Shule yenye kompyuta moja isikate tamaa. Swali lionyeshwe au lisomwe kwa darasa zima, kila mtoto aandike jibu lake kimya, kisha wote wainue kadi za A, B, C au D kwa pamoja. Mwalimu ahesabu kadi kabla ya kusema lolote. Baadaye watoto wawili wawili wenye majibu tofauti waelezane sababu zao, na ndipo maelezo yafunguliwe. Kilicho muhimu ni kipotoshi kilichotungwa vizuri na maelezo yanayokifuata. Mashine ni mtumishi tu.

7. Mipaka

Swali la kuchagua halimfundishi mtoto kuandika insha, kuchora, kutetea hoja wala kutunga swali lake mwenyewe. Hoja ya Skinner ingali hai: kutambua jibu si sawa na kulitoa. Kwa sababu hiyo zoezi la kuchagua lifuatwe na swali moja au mawili ya kujibu daftarini, bila majibu ya kuchagulia. Mtoto anayechagua 235 lakini hawezi kutoa 257 katika 502 peke yake bado hajafika.

Zoezi kwa walimu wanafunzi

1. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, kusanya madaftari 20 ya hesabu ya mada moja. Orodhesha makosa yanayojirudia na ueleze kila kosa limetokana na utaratibu gani.

2. Tunga maswali matano ya kuchagua ambayo kila kipotoshi chake kimetoka katika orodha hiyo. Andika maelezo ya kila jibu.

3. Yaandike maswali hayo katika utaratibu wa GIFT, kisha mpe mwenzako ayafanye. Kama ataweza kupata jibu bila kufanya hesabu, tafuta ni nini kimemfichulia, na urekebishe.

4. Toa 257 katika 502 kwa kufuata kila moja ya kasoro tatu tulizozitaja. Je, majibu matatu ya uongo yanatofautiana? Kama yangelingana, swali hilo lingepoteza faida gani?