Upasuaji wa Kizazi: Jitayarisheni Wote Wawili

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo watu wengi wa ndoa hulinong'ona tu. Mke akiambiwa kwamba atapasuliwa jicho au mguu, ukoo mzima hupata habari kabla ya jua kutua. Akiambiwa kwamba atapasuliwa kizazi, hunyamaza. Mume naye huona haya kuuliza, akidhani hayo ni mambo ya akina mama. Basi mama huenda kliniki peke yake, hupimwa peke yake, na mwishowe hutia sahihi karatasi asiyoielewa vizuri. Wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Somo letu ni hili: kujitayarisha kwa upasuaji wa kizazi ni kazi ya mume na mke pamoja. Na kila kipimo kinachofanywa kabla ya siku hiyo ni swali linalotafuta jibu. Jibu hilo laweza kubadilisha tarehe, laweza kubadilisha aina ya upasuaji, na pengine laweza kuonyesha kwamba kisu hakihitajiki bado.

JUENI KINACHOTIBIWA

Tuchukue mfano ulio wa kawaida sana: faibroidi. Huu ni uvimbe unaoota katika misuli ya kizazi. Waweza kuwa mdogo kama harage au mkubwa kama kichwa cha mtoto, na mama mmoja aweza kuwa nao kadhaa. Uvimbe huu si saratani, na ni nadra sana saratani kupatikana ndani yake. Akina mama wengi wanao na hawajui. Wengine hutokwa na damu nyingi ya mwezi kupita siku 7, huumwa tumbo na kiuno, au hukojoa mara kwa mara kwa sababu kibofu kinabanwa.

Faibroidi isiyomsumbua mama kwa kawaida haihitaji kupasuliwa. Ikimsumbua, kuna dawa za kupunguza damu. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi, na kuna upasuaji wa kutoa kizazi chenyewe. Kizazi kikiachwa, mama ana nafasi ya kuzaa tena, ingawa uvimbe waweza kurudi, na huenda akalazimika kujifungua kwa upasuaji. Kizazi kikitolewa, damu hukoma, lakini hatabeba mimba tena. Hapo mnaona kwamba uamuzi huu unagusa maisha yenu yote.

Nendeni kwa daktari wawili, mkiwa na maswali haya yameandikwa kwenye karatasi: Ugonjwa huu unaitwaje? Kuna tiba nyingine? Tukisubiri, kutatokea nini? Kitatolewa nini, na kitaachwa nini? Mama aliyekaribia kukoma hedhi aongeze swali moja, kwa maana hedhi ikikoma faibroidi kwa kawaida hunywea: je, kusubiri kunafaa? Daktari mwema hachukizwi na maswali.

VIPIMO NA SABABU ZAKE

Wingi wa damu. Kipimo hiki ni cha kwanza kwa umuhimu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Mama aliyetokwa na damu miezi mingi aweza kuwa na gramu 8 au chini yake, na bado anachota maji na kwenda shambani akidhani ni uchovu tu. Kumpasua akiwa hivyo ni kumwongezea hatari, kwa sababu upasuaji wenyewe hutoa damu. Ikiwa hakuna dharura, daktari huahirisha na kumpa vidonge vya madini ya chuma. Vikimkubali, damu yaweza kupanda kama gramu 2 katika wiki tatu hadi nne. Avimeze na maji au maji ya machungwa, wala asivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni vidonge. Bwana, tarehe ikisogezwa kwa sababu hii usinung'unike. Ni uhai wa mkeo unaolindwa.

Kundi la damu. Hospitali hutaka kujua kundi lake na kuweka damu tayari. Hapa jamaa wana kazi. Mtu mzima mwenye afya, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu akipimwa na kukubaliwa. Si lazima iwe ya kundi la mgonjwa, kwa maana yaweza kuwekwa akiba na kumfaa mwingine. Afadhali kuwaomba ndugu na wanajumuiya mapema kuliko kuwatafuta usiku wa manane.

Kipimo cha mimba. Mama wa umri wa kuzaa hupimwa mimba hata kama ana hakika hana. Asione ametukanwa. Damu isiyo na utaratibu huchanganya hesabu, na kama kuna mtoto tumboni, ni lazima ajulikane kabla ya dawa ya usingizi na kabla ya kisu.

Picha ya mawimbi ya sauti. Hii huonyesha uvimbe ni mingapi, ni mikubwa kiasi gani na iko wapi. Ikipigwa juu ya tumbo, mama huambiwa anywe maji mengi na asikojoe, ili kibofu kilichojaa kisaidie kizazi kuonekana. Ikipigwa kwa chombo chembamba kinachoingizwa ukeni, hutakiwa kukojoa kwanza. Anaweza kuomba muuguzi wa kike awepo. Hiyo ni haki yake.

Kipimo cha mlango wa kizazi. Muuguzi huchukua chembechembe kwa brashi ndogo, au hupaka siki nyepesi na kutazama kama rangi inabadilika. Kipimo hiki hutafuta dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Kisipuuzwe, kwa sababu saratani ikiwepo, upasuaji wake ni wa namna nyingine, na pengine tiba yake si upasuaji. Vivyo hivyo, mama wa miaka 45 na zaidi anayetokwa na damu isiyo ya kawaida mara nyingi huchukuliwa kipande kidogo cha utando wa ndani ya kizazi kikapimwe. Majibu huchukua siku kadhaa. Yasubirini.

Vipimo vingine. Shinikizo la damu, sukari, figo na mkojo humsaidia daktari wa usingizi kuchagua dawa. Mwenye umri mkubwa au ugonjwa wa moyo hupimwa mapigo ya moyo na huenda akapigwa picha ya kifua. Mwelezeni daktari dawa zote anazotumia mama, pamoja na aspirini na dawa za miti shamba, kwa sababu baadhi huzuia damu isigande. Lakini asiache dawa ya shinikizo la damu au ya sukari kwa shauri la jirani.

KUTIA SAHIHI

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kukubali. Mwenye kukubali ni mama mwenyewe, kwa kuwa mwili ni wake. Mume hatii sahihi badala ya mke aliye na akili timamu, wala hamshurutishi. Kazi yake ni kusikiliza pamoja naye, kumkumbusha maswali na kumtia moyo.

Someni karatasi pamoja. Ikiwa imeandikwa kutoa uvimbe, ulizeni: Je, damu ikizidi mnaweza kulazimika kutoa kizazi? Ikiwa ni kutoa kizazi, ulizeni habari za ovari. Ovari zikiachwa, mwili huendelea kupata homoni zake. Zikitolewa zote mbili, mama huingia katika hali ya kukoma hedhi mara moja, pamoja na joto la ghafla na kukosa usingizi.

Ulizeni pia habari za malipo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mapema kwamba mama amesajiliwa, michango imelipwa, na hospitali imepata kibali cha upasuaji.

JE, KANISA LINARUHUSU?

Wako waumini wanaoteseka miaka wakidhani kutoa kizazi ni dhambi. Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili ni halali, hata ikijulikana kwamba italeta kutozaa, mradi kutozaa si lengo lenyewe. Kwa hiyo mama mwenye kizazi kigonjwa asibebe mzigo wa dhamiri bure. Kufunga mirija iliyo mizima ili tu asizae ni jambo jingine, na Kanisa halikubali. Mkiulizwa kama mirija ifungwe hapo hapo, jueni mapema jibu lenu. Mkiwa na shaka, mwoneni padre kabla ya siku ya upasuaji.

Mwombeni pia Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Wengine huiogopa wakidhani ni ya wanaokata roho. Sivyo. Yafaa kabisa kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa.

SIKU YA MWISHO KABLA

Mama aoge vizuri usiku au asubuhi. Asijinyoe kwa wembe nyumbani, kwa sababu mikwaruzo midogo huingiza vijidudu. Aondoe rangi ya kucha, hereni na meno ya bandia. Pete ya ndoa mume aitunze.

Kuhusu kula, fuateni maagizo ya hospitali yenu. Kwa kawaida chakula husimamishwa angalau saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2 kabla. Chai ya maziwa si maji; huhesabiwa kama chakula. Sababu ni kwamba mtu aliyelazwa kwa dawa aweza kutapika na matapishi kuingia mapafuni. Kwa hiyo asiwepo shangazi wa kumpa uji kwa siri kwa huruma. Akiwa amekula, semeni ukweli. Upasuaji utasogezwa, na hakuna aibu.

MKIRUDI NYUMBANI

Baada ya kutolewa kizazi kupitia tumboni, mwili huhitaji wiki 6 hadi 8 kupona. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mama haruhusiwi kuubeba, wala kuni, wala gunia la viazi. Atembee polepole kila siku ili damu isigande miguuni. Tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari ampime na kuruhusu, mara nyingi baada ya wiki 6. Homa, usaha, damu nyingi, mguu kuvimba au kupumua kwa shida ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mabwana, kuna jambo moja ambalo hakuna kipimo kitakachoonyesha: hofu ya mkeo kwamba sasa hafai. Huenda jamaa wakaanza kusema kwamba nyumba hii imefungwa, utafute mwingine. Jibu lao ni lako kulitoa, tena mapema. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Uliahidi katika afya na katika ugonjwa. Mwambie hivyo kabla hajaingia hospitali, aende akijua kwamba nyumba yake iko salama.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Je, tunaweza kuzungumza habari za mwili na ugonjwa bila haya? Ikiwa hatuwezi, kwa nini?

2. Mama akilazwa wiki moja, nani atapika, nani ataangalia watoto, nani atachota maji baada ya hapo?

3. Je, kila mmoja wetu anajua kundi la damu la mwenzake na dawa anazotumia?

4. Mke: ni swali gani unaloogopa kumwuliza daktari? Mwambie mumeo leo, akusaidie kuliuliza.

Mungu azibariki nyumba zenu na kuiongoza mikono ya waganga wetu.