Hao simbilisi hawaishi kwa ukoko

Sogea hapa, mdogo wangu, leo nina neno na wewe. Umemnunulia mwanao simbilisi wawili, ukawaweka kwenye boksi kando ya jiko, mnawatupia ukoko wa ugali na pumba, sasa unashangaa mmoja anachechemea na mwingine akishikwa tu anapiga kelele. Usinune. Hauko peke yako. Wengi tuliwaona kwa bibi wakizunguka miguuni jikoni tukadhani wanaishi kwa makombo. Tulichosahau ni lile furushi la majani mabichi ambalo bibi alirudi nalo kila jioni kutoka shambani.

Simbilisi ni sawa na sisi binadamu kwa jambo moja: mwili wake haujitengenezei vitamini C. Lazima aile, kila siku. Akiikosa wiki mbili tatu, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, kutembea kunakuwa mateso. Kumbe yule mtoto wa watu hakuwa na kiburi, alikuwa anaumia! Mpe kipande cha pilipili hoho, sukuma wiki kidogo, kipande cha pera wakati wake. Ila majani ya nyanya na ya viazi mviringo usithubutu, yana sumu.

Tena nyasi kavu zisikosekane kwenye boksi, usiku na mchana. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Ugali hausagi kitu, mwaya. Unamshibisha huku meno yanarefuka mpaka anashindwa kufunga mdomo.

Halafu hili la dume na jike. Muuzaji kakuapia wote majike, ukamwamini, lakini huenda mmoja ni dume. Jike akishazaa, saa chache tu baadaye anaweza kushika mimba nyingine, na mimba yenyewe ni kama siku 70 za kubeba watoto wazito waliokwisha kuota manyoya. Anachakaa, jamani. Mtenge dume kabla jike hajazaa. Lakini usimwache jike mpweke, mpe jike mwenzake. Simbilisi akiwa peke yake ananywea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na simbilisi kwa kuficha hana mpinzani. Huko porini walikotoka mababu zake wa kale, mgonjwa anayejionyesha ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo ukimwona hajala tangu asubuhi na kinyesi kimepungua, usisubiri kesho wala keshokutwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na nakuomba, ile dawa ya maji ya amoksilini iliyobaki mtoto alipougua kifua, usimnyweshe. Najua unafanya kwa huruma. Dawa za jamii ya penisilini zinaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, na unaweza kumzika ndani ya siku chache, kisha uanze kumweleza mwanao kilichotokea.

Boksi nalo litoe hapo jikoni, moshi na joto vinaweza kuwaua. Na usiniambie huna hela ya majani. Nenda sokoni jioni wauza mboga wanapofunga. Majani ya karoti wanayatupa, omba wakupe. Yaoshe, yakung'ute maji, na mwite mwanao awalishe mwenyewe.