Kuipanga Kompyuta ya Kuhariria Filamu kwa Fedha Kidogo

Tuchukue mfano wa chama cha sayansi cha shule moja ya sekondari jijini Mwanza. Wanachama wake wameazimia kutengeneza filamu ya dakika 20 juu ya dagaa: uvuvi wake wa usiku kwa taa, uanikaji wake, na uuzaji wake katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kamera wameazima. Fedha walizochanga zatosha kompyuta moja tu, itakayounganishwa kwa vipande na fundi wa mjini. Wakikosea, hawana nyingine za kurudia. Je, waanzie wapi?

Wengi huanzia dukani, wakiulizia kadi ya picha iliyo kubwa kuliko zote. Hilo ni kosa. Hesabu huanzia kwenye kamera.

Picha moja yenye nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 3, huwa na baiti 6,220,800. Filamu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde. Kwa hiyo saa moja ingehitaji gigabaiti 560 hivi. Hakuna chama cha shule kinachoweza kuhifadhi mzigo huo. Ndiyo maana kamera huzibana picha kabla ya kuziandika. Tuseme kamera yetu huandika megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kuwa biti 8 hufanya baiti 1, hizo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Saa 10 za kupiga picha zitachukua gigabaiti 450.

Kutokana na hesabu hiyo, chama kinunue diski ya kasi, isiyo na sehemu zinazozunguka, ya terabaiti 1 kwa kazi, na diski ya kawaida ya terabaiti 2 kwa nakala ya akiba. Nakala hiyo isiachwe kwa kisingizio cha uhaba wa fedha: diski huweza kununuliwa tena, lakini usiku ule ziwani haurudi.

Picha zilizobanwa hapana budi zifumbuliwe kila zinapotazamwa, na hapo ndipo kompyuta hafifu hukwama. Kabla ya kulipa, mwulize fundi kama kichakataji (prosesa) au kadi ya picha ina sehemu maalumu ya kufumbua picha za aina inayotolewa na kamera yenu. Kadi ya bei ya wastani yenye sehemu hiyo huweza kuishinda ya ghali isiyo nayo. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, isipungue gigabaiti 16. 32 ni bora.

Fedha zikipungua bado iko njia. Programu nyingi za kuhariri huweza kutengeneza nakala nyepesi za picha. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, saa moja huwa gigabaiti 4.5 tu. Mhariri hukata na kupanga nakala hizo, kisha mwishoni programu hurejea kwenye picha asilia. Gharama yake ni muda wa kusubiri, na muda wanafunzi wanao.

Umeme nao uingie katika bajeti tangu mwanzo. Kompyuta na kioo chake vikila wati 340, betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Hisabati hutoa dakika 15, lakini kwa mzigo mkubwa hivyo betri haifikishi hata nusu yake. Zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kadhalika, kasha liwe na kichujio kinachofunguka na kusafishwa, kwani vumbi, pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi na kufuata taa usiku, huziba feni.

Zoezi: Kamera nyingine huandika megabiti 50 kwa sekunde. Tafuta nafasi itakayohitajika kwa saa 16 za picha pamoja na nakala moja ya akiba, kisha useme kama diski zilizotajwa hapo juu zingetosha.