SOMO: KIDONDA CHA PAKA KINACHOPONA NA KURUDI



Wengine watacheka kuona tunaandika juu ya paka. Hapa Moiben ukitaja mifugo watu wanafikiria ng'ombe wa maziwa, kondoo na kuku. Lakini uliza kogo yeyote mwenye magunia ya mahindi ni nani anayemlindia stoo. Panya wakizidi, mtu anakimbilia sumu, na kesho yake sumu ile imeua kuku, au mtoto ameiokota. Paka anayechechemea hawezi kuruka wala kushika panya. Kwa hivyo mguu wake ni shauri la nyumba nzima.

Somo hili limetokana na boma moja tulilotembelea mara kadhaa. Paka wa kogo alikuwa na kidonda katikati ya vidole vya mguu wa mbele. Walipaka Dettol. Halafu jivu. Halafu jirani akawapigia sindano ya dawa ya ng'ombe. Kidonda kikakauka, wakafurahi, na baada ya wiki mbili usaha ukarudi pale pale. Mara ya nne mjukuu alimshika paka ili amwoshe, akaumwa mkono. Habari ya mtoto huyo tutaifikia.

Kidonda kinachorudi mahali pale pale, mara nyingi kina kitu ndani. Dawa inakausha juu, kile kitu kinabaki. Kwetu sisi wa ngano na mahindi, baada ya mavuno tufikirie kwanza ndevu za ngano. Zina vijimeno vinavyoelekea upande mmoja, kwa hivyo zikiingia kwenye ngozi zinakwenda mbele tu, hazirudi nyuma. Mwiba uliokatikia ndani hufanya vivyo hivyo. Utaona tundu dogo linatoa maji maji, linaziba, linavimba, linapasuka tena. Hapo marhamu haisaidii mpaka kitu kile kitolewe. Kama unakiona, kivute taratibu kwa kibanio safi. Kama hukioni usichimbe na sindano ya kushonea. Mwachie daktari wa mifugo, maana paka huhitaji kulazwa kwa dawa kwanza.

Kama vidonda vinahama, leo mguu huu, kesho ule, acha kuangalia paka uangalie boma. Anapita wapi usiku? Kuna seng'enge, bati lililokatwa, jivu lenye moto chini ya jiko? Paka dume asiyehasiwa hupigana, na jino la paka ni jembamba: ngozi inafunga haraka juu na usaha unabaki ndani. Huyo ahasiwe na daktari, ugomvi utapungua. Paka mzee naye hanoi kucha vizuri. Kucha inajikunja mpaka inachoma nyama laini ya wayo. Na ukiona miguu yote ina ukoko, au manyoya yanatoka kwa miviringo, hiyo si ajali, ni ugonjwa wa ngozi. Inaweza kuwa choa, yale mashilingi tunayoyajua, na watoto huambukizwa.

Sasa kuosha. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai bila kukijaza sana, acha yapoe yawe vuguvugu. Mfunge paka kwa leso au taulo, mguu mmoja tu uwe nje. Watu wazima wawili, mmoja ashike, mwingine aoshe. Loweka mguu dakika tano, kausha kwa kitambaa safi, mara mbili kwa siku. Usifunge kwa kamba wala mpira, mguu utakufa. Mlaze ndani, na pa kujisaidia mwekee magazeti yaliyochanwa badala ya mchanga. Baada ya siku mbili au tatu bila nafuu, au akikataa kula, au mguu ukivimba kwenda juu, usingoje.

Hapa tusikilizane vizuri. Paka hulamba mguu wake mchana kutwa, kwa hiyo chochote unachopaka anakila. Dettol na dawa za choo ni sumu kwake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, hata tone, usimwekee. Na Panadol! Tumekutana na watu wema waliompa paka nusu kidonge ili asisikie uchungu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Ufizi unabadilika rangi, uso unavimba, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ukishampa, mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo.

Daktari yupi? Tangu ugatuzi wa 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, basi uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Anayekutibia mnyama anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Mifugo ya Kenya kwa sheria ya 2011, na si aibu kumwuliza. Mwenye duka la dawa si lazima awe daktari.

Turudi kwa mjukuu. Aliyeumwa au kukwaruzwa na paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kashimo kadogo. Kichaa cha mbwa kipo kwa paka pia, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huu kufikia 2030, lakini mpango hauchanji paka wako. Mchanje akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtoto yule alipelekwa, akachanjwa, na leo mkono ni mzima.

Paka naye alipasuliwa. Ilitoka ndevu ya ngano, haifiki urefu wa ukucha. Miezi michache baadaye alichechemea tena, mguu mwingine, na kogo akatuma watu kwetu kwa hasira. Tulipozunguka stoo tulikuta wavu wa waya uliokatika chini ya mlango, pale anapojipenyeza kila usiku. Mwanawe aliukunja kwa koleo na kupigilia ubao.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

Paka wako anapita wapi kuingia stoo? Nenda ukapaguse kwa mkono.

Ni dawa gani za nyumbani ulikuwa ukimpaka mnyama bila kuuliza?

Katika jumuiya yetu, ni paka na mbwa wangapi hawajachanjwa, na nani atakwenda ofisi ya mifugo kuuliza siku ya chanjo?