Dizeli ya Mawese



Fundi wa gereji hapa Biryogo anajua: moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua yakaisha. Mawese mabichi ni mazito, nozeli hainyunyizi vizuri, masizi yanajaa. Mwaka 1937 Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi: mawese yapikwe na spiriti, gliserini ijitenge, yabaki mafuta mepesi. Mwaka 1938 basi likayatumia kutoka Brussels hadi Louvain. Ubelgiji ilipata mawese Kongo, walikokwea michikichi wenzetu, wengine kwa kulazimishwa, hati haikuwataja. Mafuta haya yana oksijeni ndani, hivyo masizi hupungua. Lakini hayaishi. Tangu 2012 moshi wa dizeli umetambuliwa kimataifa kuwa unaleta saratani. Injini ijaribiwe nje, au mwajiri aweke bomba la kuutoa moshi.