Ilani kwa Wawindaji wa Ayala na Elki katika Misitu ya Umma ya Colorado

Kwa kuwa yamezidi malalamiko ya watembezi waliosikia risasi zikivuma juu ya vichwa vyao, na ya wafugaji ambao ng'ombe wao walitawanywa na milio ya bunduki, Idara yetu ya wanyamapori imeona ni wajibu wake kuwaandikia wasemao Kiswahili waliohamia Denver na Aurora, ambao wengi wao wametoka Kongo na Burundi, ili pasiwe na mtu wa kudai kwamba hakuarifiwa.

Msitu wa umma si pori lisilo mwenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1960 iliamuru misitu ya taifa itumike kwa mapumziko, malisho, mbao, maji, na wanyama wa mwitu pamoja na samaki, yote kwa wakati mmoja. Basi hata katika msitu wa White River, mashuhuri kwa elki wake, mtakutana na mchungaji, mkata kuni, mpanda baiskeli, na pengine mama na watoto wake wakitafuta uyoga, nao wote wana haki sawasawa na ninyi mliolipia leseni.

Tunaloliogopa kuliko yote, na ambalo wengi hulipuuza hata baada ya kuhudhuria mafunzo, ni kufyatua risasi kabla ya kuyakinisha. Kanuni inaruhusu kuwinda tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza hata nusu saa baada ya kuchwa, yaani saa zile za utusitusi ambapo kichaka kikitikisika, na moyo wa mwindaji ukiwa umejaa tamaa, macho huumba pembe pasipo pembe. Usipoyakinisha, usipige. Wala usiitumie darubini iliyofungwa juu ya bunduki kwa kutazamia kilicho mbele yako, maana ukiona ni mtu, mtutu umekwisha kumwelekea kifuani. Chukua darubini ya mkononi. Kadhalika mnyama asimamaye juu ya kilele, nyuma yake mbingu tupu, mwache aende zake, kwani risasi ya bunduki ya .30-06 yaweza kusafiri zaidi ya maili 3, na aliye upande wa pili wa mlima humwoni.

Hata mnyama mwenyewe hudanganya. Elki ana mwili wa hudhurungi iliyofifia, shingo nyeusi zaidi, na matako meupe meupe. Ilhali muusi, aliyeletwa North Park, hapa Colorado, tangu 1978, ni mweusi karibu mwili mzima, pua yake imening'inia, na pembe za dume zimetanda kama viganja. Mwenye leseni ya elki akimwangusha muusi amevunja sheria, na udhuru wa kwamba kulikuwa na giza haukubaliki, maana giza ndilo lililompasa aache. Tunarudia kwa makusudi: usipoyakinisha, usipige.

Ni haramu kufyatua bunduki ndani ya yadi 150 kutoka nyumba, jengo, kambi au mahali penye watu, na ni haramu vilevile kupiga ukiwa juu ya barabara ya msitu au kuivusha risasi barabara hiyo. Kila awindaye kwa bunduki avae, juu ya kiuno, nguo ya rangi ya chungwa au ya waridi ing'aayo, isiyopungua inchi za mraba 500, pamoja na kofia ya rangi hiyo ionekanayo pande zote. Yenye madoa ya majani haihesabiwi. Wako wanaonung'unika kwamba itawafukuza wanyama, walakini ayala na elki hawaioni rangi hiyo kama tuionavyo sisi.

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye sharti awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Habari za ada, ukaazi, kura za leseni na mipaka ya maeneo zimo katika kitabu cha kanuni cha kila mwaka.

Idara imejitahidi, tena kwa subira kubwa, kubandika ilani na kufundisha, wala haitaona haya kuwatoza faini waliokwisha kuonywa. Aliyemwua mnyama asiyemkusudia asimfiche wala asimwache aoze: ampasue, aihifadhi nyama, kisha awapashe habari maofisa wa wanyamapori siku hiyohiyo, awaeleze bila kuficha mahali alipopigia na alichodhani amekiona.